Tuwape Kazi Wanaoacha Unga

Ndugu zangu wenye magereji, saluni, mashamba na maduka, wito huu ni wenu.

Kila asubuhi katika kliniki ya methadoni ya Mwananyamala, Dar es Salaam, watu hupanga foleni. Anayefikiwa na zamu husogea, hupewa kikombe kidogo cha dawa ya maji na kunywa papo hapo mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Dawa hiyo, ikitolewa kwa kipimo sahihi, humwondolea arosto na kupunguza kiu ya heroini, yaani unga, kwa siku nzima bila kumlevya. Wengi hulazimika kurudi kesho, hata ikiwa Jumapili au sikukuu.

Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaenea Mwananyamala na Temeke, na mwaka 2015 ikafika Kidongo Chekundu, Unguja. Huko Zanzibar, waraibu waliopata nafuu walikuwa tayari wameanzisha nyumba za soba, yaani makazi ya wanaoacha unga, wakiwashika mkono wenzao. Maelfu wamepita katika milango hiyo.

Sasa tujiulize: mtu akishakunywa dawa saa mbili asubuhi, aende wapi? Siku bado mbichi. Akikosa shughuli atarudi kijiweni, kwa marafiki wale wale na kete zile zile. Na kurudia unga ni hatari kubwa: aliyeacha kwa miezi mwili wake umeshasahau makali ya unga, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua.

Dawa hutuliza mwili. Anayepata nafuu anahitaji pia sababu ya kuamka kesho. Sababu hiyo hujengwa na mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni kuwa makubwa: kutumwa sokoni na noti ya elfu kumi na kurudisha chenji, kukabidhiwa funguo za duka, kupangiwa kazi msibani kama wanaume wengine wa mtaa, kuitwa Baba Asha badala ya teja.

Najua mnahofia kuibiwa, na wengine mmeshaibiwa kweli. Basi anzeni na kidogo. Mpe bidhaa chache, mfanye hesabu jioni, kesho umwongezee. Mlipe sawa na wenzake, maana ujira wa huruma hauleti heshima. Mruhusu achelewe saa moja asubuhi ili apitie kliniki kwanza. Kumnyima saa hiyo ni kumlazimisha achague kati ya dawa na mkate. Na akiteleza, usimfukuze siku hiyo hiyo. Mrudishe kwa wahudumu wake, mkae mzungumze, kwani wengi waliosimama imara leo waliwahi kuanguka zaidi ya mara moja.

Nanyi wazazi na majirani, mliochoka kwa haki kabisa, mfungulieni mlango hatua kwa hatua. Msimkumbushe televisheni aliyouza kila mnapokaa kula.

Dawa inatolewa bure na Serikali, lakini kazi iko mikononi mwetu. Wiki hii, nenda kwenye kliniki au nyumba ya soba iliyo karibu nawe, uulize ni nani anayejua kuchomelea, kushona, kupika au kupaka rangi. Chagua mtu mmoja, umpe kazi.