Mnunuzi wa michezo ya video anapokosa mahali pa kuionja kabla ya kulipa

MAELFU ya vijana waliofurika katika kumbi za Koelnmesse jijini Cologne, Ujerumani, kati ya Agosti 20 na 24, 2025, hawakuwa wamefunga safari kwa nia ya kununua. Wengi wao walikwenda kupanga foleni.

Baadhi walibeba viti vidogo vya kukunja, chupa za maji na vitafunio, wakijua fika kwamba wangesubiri kwa saa kadhaa ili kupewa dakika chache za kushika padi na kuucheza mchezo ambao ulikuwa haujafika madukani.

Hayo ndiyo maonyesho ya Gamescom ambayo, kwa mujibu wa waandalizi wake, yalivutia wageni 357,000 mwaka huo. Mtu asiyeujua ulimwengu wa michezo ya video anaweza kushangaa ni wazimu gani unaomsimamisha kijana saa tatu kwa ajili ya robo saa.

Lakini katika biashara hii yenye thamani ya mabilioni ya dola, robo saa hiyo ina uzito. Ni mojawapo ya nafasi chache ambapo mnunuzi wa kawaida hukutana na bidhaa yenyewe kabla ya kutoa pesa zake, badala ya kukutana na picha ya bidhaa hiyo. Na nafasi hizo zimekuwa zikibadilika kwa kasi tangu yalipokufa maonyesho ya E3 ya Los Angeles, Marekani.

E3 yalianza Mei 1995. Hata katika mwaka huo wa kwanza ilidhihirika kwamba jukwaa lake lingekuwa uwanja wa vita. Kampuni ya Sega ilitangaza kwamba mtambo wake mpya wa Saturn ulikuwa tayari madukani kwa Dola 399. Baadaye afisa wa Sony, Steve Race, alipanda jukwaani, akataja tarakimu moja tu, 299, kisha akarudi kuketi. Hiyo ilikuwa bei ya PlayStation kwa dola, na Sega haikuwahi kupona vizuri kutokana na pigo hilo.

Kwa zaidi ya miongo miwili, kila mtengenezaji aliyetaka kusikika alilazimika kufika pale. Hata hivyo, E3 yalikuwa maonyesho ya wenye biashara: wanahabari, wenye maduka na mawakala. Umma ulifunguliwa milango rasmi mwaka wa 2017 pekee, ambapo tiketi 15,000 ziliuzwa. Kufikia hapo, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Nintendo ilikuwa imeacha mkutano wake mkubwa wa jukwaani tangu 2013, ikapendelea kuzungumza na mashabiki moja kwa moja kupitia video zake za intaneti. Sony ilijiondoa mwaka wa 2019. Mwaka huo huo, waandalizi walijikuta taabani baada ya maelezo ya kibinafsi ya zaidi ya wanahabari 2,000 kuachwa wazi kwenye tovuti yao. Kisha janga la Covid-19 likafuta maonyesho ya 2020. Ya 2021 yalifanyika mtandaoni, ya 2022 na 2023 yakafutwa, na mnamo Desemba 12, 2023 chama cha ESA kilichokuwa kikiyaandaa kikatangaza kwamba E3 hayangerudi tena.

Kampuni kubwa hazikulia matanga. Siku chache tu kabla ya tangazo hilo, Rockstar ilikuwa imetoa video ya kwanza ya Grand Theft Auto VI kwenye YouTube, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwa muda wa saa 24. Hapakuwa na ukumbi, banda, wala kiti hata kimoja cha kukodi. Mwenye uwezo huo atalipia banda kwa sababu gani?

Pengo la E3 limejazwa kwa sehemu kubwa na Summer Game Fest, tamasha lililoanzishwa na mtangazaji Geoff Keighley mwaka wa 2020. Uti wa mgongo wake ni onyesho la saa mbili hivi ambapo video za michezo ijayo hupeperushwa moja baada ya nyingine. Jarida la Esquire liliripoti mwaka wa 2024 kwamba dakika moja ya video katika onyesho hilo ilitozwa Dola 250,000. Kwa ubadilishaji wa sasa hizo ni zaidi ya Sh32 milioni. Wanahabari na wageni wachache walioalikwa hupata fursa ya kuijaribu baadhi ya michezo hiyo baadaye. Mamilioni ya wengine hutazama tu.

Hapo ndipo penye tatizo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika biashara ya michezo ya video vyote viwili hutembezwa, tena kwa picha zinazofanana kwa mng'aro. Historia ya video hizo si ya kutia moyo.

Mwaka wa 2005, Sony ilionyesha katika E3 video ya Killzone 2 iliyowaacha watu vinywa wazi. Baadaye ikabainika kwamba zile hazikuwa picha za mchezo unaochezwa, bali filamu iliyochorwa mapema kuonyesha jinsi mchezo ulivyokusudiwa kuwa. Mchezo wenyewe ulitoka 2009. Watch Dogs ya kampuni ya Ubisoft ilisifiwa sana katika E3 ya 2012, lakini ilipouzwa Mei 2014, mashabiki waliweka picha za miaka hiyo miwili sambamba na kuuliza uzuri wa kwanza ulikwenda wapi.

Nchini Uingereza, malalamiko kama hayo yalifika hadi kwa mamlaka inayosimamia matangazo, ASA. Mnamo 2013, kampuni ya Sega ilikubali kwamba video za Aliens: Colonial Marines hazikuakisi sawasawa mchezo uliouzwa, ikaahidi kuziwekea onyo. Miaka mitatu baadaye, mamlaka hiyo hiyo iliuchunguza mchezo wa No Man's Sky na kuamua kwamba matangazo yake hayakuwa yamewapotosha wanunuzi. Mpaka kati ya ndoto na udanganyifu, basi, si rahisi kuuchora hata kwa wenye mamlaka.

Kisa kinachofaa kuangaliwa kwa makini zaidi ni cha Cyberpunk 2077, kwa kuwa ndani yake kila lango la kuonja lilifungwa, moja baada ya jingine.

Katika E3 ya Juni 2018, kampuni ya CD Projekt ya Poland iliwaingiza wanahabari katika chumba kilichofungwa na kuwaonyesha takriban dakika 50 za mchezo huo. Waliutazama ukichezwa na mfanyakazi wa kampuni; wao wenyewe hawakuugusa. Sifa walizoandika zilienea duniani kote. Mwaka uliofuata, mwigizaji Keanu Reeves alipanda jukwaani Los Angeles kutangaza tarehe ya kutoka, ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

Siku za mwisho kabla ya mauzo, wahakiki walipewa toleo la kompyuta pekee. Toleo la mitambo ya PlayStation 4 na Xbox One, ambayo mamilioni ya watu walikuwa nayo majumbani, hawakuliona. Wateja milioni nane walikuwa wameuagiza mapema mchezo huo ulipotoka Desemba 10, 2020.

Kilichofuata kilikuwa aibu. Kwenye mitambo hiyo ya zamani mchezo ulikwama, ukazimika ghafla, na sura za wahusika zikafifia. Wiki moja baadaye Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi pesa. Haukurejeshwa hadi Juni 2021. CD Projekt ilikubali kulipa Dola 1.85 milioni ili kumaliza kesi ya wawekezaji nchini Marekani.

Januari 2021, shirika la habari la Bloomberg liliripoti, likiwanukuu watu waliofanya kazi katika mradi huo, kwamba onyesho la 2018 lilikuwa karibu lote la kubuni. Mkuu wa utengenezaji, Adam Badowski, alijitetea kwamba ni vigumu kwa onyesho la miaka miwili kabla ya mauzo kutotofautiana na bidhaa ya mwisho.

Utetezi huo una ukweli ndani yake, na wanaowalaumu watengenezaji hawana budi kuusikiza. Mchezo mkubwa hujengwa vipande vipande kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu hauna sura ya kuonyeshwa mtu. Ili kupata cha kupeleka katika maonyesho, kikosi huchukua kipande kimoja kidogo na kukikamilisha hadi king'ae, ilhali nyumba nzima iliyobaki bado ni msingi na nguzo.

Kazi hiyo hula wiki au miezi ya nguvu ambazo zingejenga mchezo wenyewe. Kampuni ya Bungie ilipitia hayo na Halo 2: sehemu ya jiji iliyowasisimua watu katika E3 ya 2003 haikuwamo katika mchezo uliouzwa Novemba 2004, na mtambo wa picha uliotumiwa katika onyesho hilo ulitupwa. Onyesho lilikuwa limejengwa kwa ajili ya onyesho.

Je, kijana wa Cologne anayeshika padi kwa dakika 15 yu salama zaidi? Kwa kiasi fulani tu. Kipande anachopewa kimechaguliwa na muuzaji, hakina ile saa ya ishirini ambapo hadithi huanza kuchosha, na pembeni yake amesimama mhudumu aliye tayari kumwelekeza anapopotea.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mkono huyajua na macho hayawezi. Uzito wa mwendo, kuchelewa kwa kitufe, ugumu usio na haki. Haya video hayaonyeshi. Katika E3 ya 2006, watu walikimbilia banda la Nintendo na kusubiri saa nyingi ili kujaribu Wii kwa sababu hakuna picha iliyoweza kueleza fimbo ile ya kuchezea ilivyohisika mkononi. Walioishika walitoka wameelewa. Mtambo huo hatimaye uliuzwa zaidi ya milioni 100.

Waandalizi wa Gamescom wanaonekana kuuelewa mtaji wao. Tangu maonyesho hayo yaanze Cologne mwaka wa 2009, baada ya mtangulizi wake kufanyika Leipzig, milango yamefunguliwa kwa umma. Watoto na vijana hufungwa mikanda ya rangi mkononi kulingana na umri, na michezo ya watu wazima huchezwa nyuma ya kuta ili wadogo wasiione. Ni utaratibu wa watu wanaojua kwamba wageni wamekuja kucheza, si kupiga makofi. Tokyo Game Show nchini Japani, yaliyoanza 1996, nayo yangali hai, na umma hukaribishwa humo pia. E3, yaliyouweka umma nje kwa miaka 22, ndiyo yaliyozikwa.

Mojawapo ya michezo iliyochezwa Cologne mwaka wa 2025 ilikuwa Hollow Knight: Silksong, kazi ya kikosi kidogo cha Team Cherry kutoka Adelaide, Australia. Mchezo huo huo ulikuwa umechezwa katika E3 ya 2019, kisha ukapotea machoni pa umma kwa miaka. Safari hii watengenezaji walitangaza tarehe ya mauzo wiki mbili tu kabla, Septemba 4, kwa bei ya Dola 20. Siku hiyo maduka ya mtandaoni yalilemewa na wanunuzi hadi yakakwama. Hapakuwa na miezi ya kuchangisha pesa za watu kwa bidhaa wasiyoijua. Wapenzi wake walisubiri, wakapewa kilichokamilika.

Kwa mchezaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu, Cologne ni mbali na visa haipatikani kwa ajili ya foleni. Kwake, mchezo mpya wa Dola 70 unazidi Sh9,000 kabla ya kodi na faida ya muuzaji, kiasi ambacho wengi hukipata kwa jasho la siku nyingi. Ndiyo maana vibanda vya mitaani vinavyotoza kwa kila mechi ya kandanda vingali na wateja. Ukivitazama vizuri, navyo ni maonyesho ya aina yake: kijana huonja mchezo kwa shilingi chache, akaamua kama utamfaa.

Wenye kompyuta wamepata afueni. Duka la mtandaoni la Steam huandaa tamasha la Next Fest mara tatu kwa mwaka, ambapo mamia kwa maelfu ya vipande vya michezo ijayo hupakuliwa bila malipo. Tangu Juni 2015 duka hilo pia hurudisha pesa iwapo mnunuzi amecheza kwa chini ya saa mbili na hajapitisha siku 14. Kwa hesabu ya foleni, saa mbili sebuleni ni zaidi ya alizopata kijana wa Cologne kwa siku nzima, mradi tu mtu awe na intaneti ya kuweza kupakua faili nzito, na hapo Wakenya wengi wa bando za simu huachwa nje.

Mnunuzi wa diski katikati ya jiji hana hata hilo. Huitazama video kwenye simu, huuliza marafiki, kisha hulipa. Akishaichana karatasi ya nailoni kwenye jalada, muuzaji haipokei tena kama diski mpya.