Msituambie wananchi hawapendi mito



Kila mafuriko yakipiga Dar es Salaam, watawala wanatoka na wimbo uleule: wananchi wachafu, wananchi wabishi, wananchi hawataki mazingira. Na sisi vijana wa upinzani, tuseme ukweli, wengi tunajibu kwa kebehi: mito ni mambo ya watu wa miradi, sisi tunadai Katiba Mpya. Pande zote mbili zinakosea.

Chukua Mto Msimbazi. Unatoka milima ya Pugu kule Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu, waliokosa makazi wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu na matingatinga. Sababu? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inayolinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria nzuri, wala hatuipingi.

Lakini hebu mtujibu. Mei 2016, miezi michache tu baada ya bomoabomoa hiyo, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na karakana yake ilijengwa wapi? Jangwani, bonde lilelile! Mvua iliponyesha, mabasi yalizingirwa na maji. Ile nayo aliijenga mama ntilie mchafu?

Hapo ndipo chuki inapozaliwa. Mtu akiona kwa macho yake kwamba mto una sheria kwa mnyonge tu, ukimwambia "tuokoe mto" yeye anasikia "tunakuja kukubomolea". Siyo kwamba hapendi maji safi. Hakuamini wewe. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Deni hilo tutalilipa wote, hata sisi wa Lusewa ambao Jangwani tunaiona kwenye simu tu. Kumbe kulilinda bonde mapema kungekuwa rahisi zaidi.

Ndiyo maana nawaandikia nyie. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, pembeni kabisa ya mji wa Songea. Songea yenyewe inakunywa maji ya Mto Ruhila. Miji yetu bado midogo, vijito vyetu bado vinaokoleka. Tukisubiri nyumba zijae mpaka ukingoni, tutakuja kulia na tingatinga kama wenzetu.

Sasa kazi ni hii. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nenda, nyoosha mkono, uliza: mita 60 zimewekewa alama wapi, KABLA mtu hajauziwa kiwanja? Nani aliyegawa viwanja bondeni? Taka za soko zinapelekwa wapi? Pasipo na dampo, mto ndio unageuka dampo, hata mkiandika mabango mia. Tena Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji. Ingieni humo, msiwaachie makada wa chama tawala wagawane vyeo.

Na wale wanaolima bustani za mabondeni tusiwafukuze kwa virungu. Tukae nao, tukubaliane mpaka, tupande miti pamoja. Mwenye mchicha wake pale ndiye wa kwanza kujua maji yakibadilika rangi.

Kuna kamanda atasema hii siyo siasa. Nani apate maji, nani abomolewe, nani alipe deni: kama hiyo siyo siasa, basi siasa ni nini?

Mkutano ujao tuonane huko. Mapambano yanaendelea.