Fundi wa Lubugo Ana Kiti Gani Makerere?

Lubugo, nguo ya magome ya mti ya Waganda, watu wa Buganda nchini Uganda, haina uzi wala haipiti kwenye kitanda cha mfumaji. Msimu wa mvua fundi huuendea mti wa mutuba, hukwangua ganda la juu, hulibandua gome la ndani likiwa zima, kisha huufunga mti majani ya mgomba ili kidonda kisikauke. Mti uliotunzwa hivyo huota gome jingine, ukavunwa tena mwaka unaofuata, na kuendelea hivyo kwa miongo kadhaa bila kukatwa. Gome hulainishwa kwa joto, hupelekwa bandani ambako jua halilifikii, na huko hupondwa kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifereji: kwanza zile za mifereji mipana, mwisho zile za mifereji myembamba. Ni kazi ya saa nyingi. Fundi asiyejua lini abadilishe nyundo atalitoboa gome, au ataliacha gumu lisivalike. Likishatanuka kuwa shuka na kuanikwa, hugeuka rangi ya udongo wa mfinyanzi.

Mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao wa kurithi aitwaye kaboggoza, wameifanya kazi hii kwa ajili ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na watu wake kwa vizazi vingi. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa mojawapo ya kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingia katika orodha rasmi ya urithi huo. Watafiti na wabunifu wameifuata lubugo kwa hamu. Ninachotaka kukipima hapa ni deni: shule ya ubunifu ya chuo kikuu inapoichukua kazi hii na kuifanya somo, ina wajibu gani kwa fundi aliyeilea?

Chuo Kikuu cha Makerere ndicho cha kuulizwa kwanza. Shule yake ya sanaa ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Walipita hapo Watanganyika Sam Ntiro na Elimo Njau, ambao majina yao yako katika kila historia ya uchoraji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1953 Trowell na Klaus Wachsmann walitoa kitabu *Tribal Crafts of Uganda*, kazi kubwa ya kuorodhesha na kuchora vitu vilivyotengenezwa kwa mikono nchini humo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Gavana Andrew Cohen alimwondoa Kabaka Mutesa II na kumpeleka uhamishoni Uingereza. Waganda wakavaa lubugo, nguo ya msiba na ya heshima, kuonyesha uchungu wao na kuupinga uamuzi ule.

Mambo haya mawili hayajaacha kunisumbua. Mwaka mmoja, nchi moja: msomi anaandika jinsi kazi za mikono zinavyotengenezwa, na wenye kazi hizo wanazitumia kuikabili dola. Simlaumu Trowell, bila yeye tungepoteza mengi. Lakini kitabu kinaweza kueleza vizuri nyundo na mti, kikashindwa kusema kwa nini mtu wa Kampala, mwenye nguo za pamba za kutosha, aliona siku ile nguo pekee inayofaa ni gome. Jibu la swali hilo wanalo wanaoponda na wanaovaa, na utafiti usiowakalisha mezani utabaki nusu hata ukipewa alama za juu.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mkono wetu katika historia hii. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na pwani ndiyo iliyofikisha vitambaa vya pamba katika ikulu ya Buganda katika karne ya 19, na tangu hapo lubugo ikaanza kurudi nyuma, ikibaki zaidi kwenye matambiko, mazishi na kutawazwa kwa wafalme. Wahaya wa Kagera nao walivaa nguo za magome kabla ya kitambaa cha merikani kufika. Kwa hiyo hili ni jambo letu pia.

Wapo wanaosema kazi ya jadi iachwe kijijini, chuo kisiiguse kikaiharibu. Sikubaliani nao. Lubugo ina udhaifu ambao fundi peke yake hana vifaa vya kuupima: namna inavyokabili maji, namna inavyochanika, namna inavyoshika rangi. Shule ya Margaret Trowell imo ndani ya Chuo cha Uhandisi, Ubunifu, Sanaa na Teknolojia, kwa hiyo mchoraji na mhandisi wana paa moja. Hiyo ni bahati ambayo shule nyingi za ubunifu hazina. Na msomi makini huiongezea kazi heshima. Venny Nakazibwe, mhadhiri wa Makerere, aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu lubugo tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karne hii, akaikamilisha mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Middlesex, London. Anayetaka kujua nguo hii ilivyobadilika lazima aipitie kazi hiyo.

Soko nalo limeshajibu. Mbunifu Jose Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, hushona mavazi ya jukwaani kwa lubugo. Ujerumani kuna kampuni inayoisindika kwa jina la Barktex kwa ajili ya mapambo ya ndani ya majengo. Msanii Sanaa Gateja hupanga juu yake shanga za karatasi kuukuu. Kazi hizi nazipenda. Hata hivyo thamani ya lubugo hupanda kadiri inavyokwenda mbali na mti, na fundi ndiye aliye karibu na mti kuliko wote.

Katika Kutch, India, lipo jibu linalofaa kuangaliwa. Mwaka 2005 shule ya Kala Raksha Vidhyalaya ilifungua mlango kwa mafundi wenyewe. Badala ya kumpeleka mbunifu kijijini akawape mafundi michoro ya kufuata, shule hiyo iliwafundisha wafumaji, watarizi na watia rangi somo la ubunifu, kwa vipindi vifupi vilivyopangwa wasiache kazi zao. Fundi akawa mbunifu mwenye jina lake. Judy Frater, aliyeianzisha, aliliona jambo ambalo vyuo vyetu hulikwepa: kumtenga anayefikiri na anayetenda ndiko kunakomfanya fundi awe kibarua.

Najua pingamizi dhidi ya kumpa fundi kiti chuoni. Kanuni za ajira za chuo kikuu zinadai shahada, na mafundi wengi hawana. Kanuni ziliandikwa na watu, na profesa anayesimamia utafiti wa lubugo naye hana cheti cha kuponda gome. Wengine wanahofia kwamba siri ya ukoo ikifundishwa hadharani itaporwa. Hofu hii ina uzito zaidi, na dawa yake ni sheria, maana usiri hautazuia tena kitu ambacho tayari kinauzwa Ulaya. Uganda ina Sheria ya Viashiria vya Kijiografia tangu mwaka 2013, inayoweza kulilinda jina la bidhaa lisitumiwe na asiyetoka mahali pake. Mwezi Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje chimbuko la rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyoyatumia. Chuo chenye wanasheria na wahandisi kinaweza kuwasaidia mafundi kuzitumia nyenzo hizi, kama kitakubali kwamba wao ndio wenye mali.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Makerere: mtafiti yeyote anayeandika kuhusu lubugo aandike pamoja na fundi, na jina la fundi liwe kwenye jalada. Tasnifu ya lubugo ikitahiniwa, mmoja wa watahini awe mtu aliyeponda gome maisha yake yote, alipwe sawa na wenzake, na akisema nguo haifai, mwanafunzi arudi bandani.