Mchungaji hakuwekwa kupokea wakubwa

Jumapili asubuhi viti vya mbele huachwa wazi. Akina mama waliofika mapema huombwa wasogee nyuma, kwa kuwa mheshimiwa yuko njiani. Msafara hufika mahubiri yakiwa katikati, mhubiri hukatiza neno lake ili atambue ugeni, na kabla ya baraka ya mwisho kipaza sauti hukabidhiwa mtu aliyekuja na bahasha. Haya hutokea katikati ya jiji, na hutokea Kawangware na Dagoretti. Wachungaji wanayaita ukarimu. Sisi tunasema ni kuitupa kazi waliyowekewa mikono waifanye.

Nairobi inaijua kazi hiyo, kwa kuwa imewahi kuiona ikifanywa. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, wakiwa na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya wazee hao wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo hakuna mwana anayetaka kuibeba. Maathai alipelekwa hospitalini akiwa amezirai. Akina mama wakavuka barabara wakaingia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na Provosti Peter Njenga akawapokea.

Wazee hao hawakuwa na cha kumpa. Walilala katika chumba cha chini ya kanisa kwa karibu mwaka mzima, huku serikali ikituma polisi kulizingira. Watu waliokuwa wameteswa vizuizini wakawa wanashuka humo kusimulia yaliyowapata, wengine kwa mara ya kwanza. Kufikia 1993 karibu wana wote walikuwa wameachiliwa. Kiongozi mtumishi ni huyo: aliyefungua mlango akijua gharama yake, na hakuufunga gharama ilipokuja.

Na gharama ilizidi kuja. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya kanisa hilo hilo wakawapiga waliokuwemo, akiwemo Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA. Hata hivyo, Juni 2024 vijana walipojeruhiwa katika maandamano barabarani, madaktari wa kujitolea waliwatibia kanisani humo, kama walivyofanya katika Msikiti wa Jamia.

Kwa hiyo hatuyadai yasiyowezekana. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika mimbari za Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki Philip Anyolo aliagiza zirudishwe pesa ambazo Rais William Ruto alitoa katika parokia ya Soweto: shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Tunawapongeza wote wawili. Lakini agizo la askofu mkuu lisipotiiwa na paroko linabaki karatasi.

Paroko atauliza: paa litaezekwa na nani? Swali ni la haki. Litaezekwa na waumini, polepole, bati kwa bati, na likichukua miaka kumi lichukue. Nyumba iliyojengwa hivyo haina mtu wa kuja kudai shukrani mwaka wa uchaguzi. Papa Fransisko alipofika Kangemi, Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, alizungumzia maji, vyoo na unyakuzi wa ardhi. Mchungaji atayasemaje hayo ikiwa aliyenyakua ardhi ndiye aliyemnunulia vipaza sauti?

Kila Alhamisi Kuu viongozi wetu huinama wakaosha miguu ya watu kumi na wawili. Ni ibada njema, nasi tunaiheshimu. Siku zilizobaki ndizo zinazotutia hofu, kwa sababu katika siku hizo anayeinamiwa ni mwenye gari kubwa.

Tunawataka mapadri, wachungaji na wazee wa kanisa wa jiji hili waanze Jumapili ijayo. Mgeni, awe waziri au mbunge, akae penye nafasi aliyoikuta. Asipewe kipaza sauti. Alichotoa kitiwe kapuni pamoja na sadaka ya mama mboga, bila kutangazwa jina. Hesabu za mwezi zibandikwe kwenye ubao wa mlangoni, shilingi iliyoingia na shilingi iliyotoka, pamoja na mafuta ya gari la mchungaji, ili muumini azisome akitoka bila kuomba ruhusa ya mtu.