Goma: plani ya nyumba ianzie kwenye parsele

Mkaaji wa Goma akipata pesa ya kujenga, anamwonyesha arshitekti picha kwenye simu: nyumba ya Dubai, vioo mpaka chini, garaji chini ya ardhi. Arshitekti naye, kwa kuogopa kupoteza kazi, anaichora vile vile.

Tuseme parsele iko upande wa Bulengo. Huko kuna mazuku, gesi nzito ya volkano isiyoonekana, inayojaa kwenye mashimo na kuua mbuzi, hata watu. Garaji ya chini ni shimo la kuikusanya. Na nani analala karibu yake? Mlinzi, si mwenye nyumba.

Arshitekti anayestahili pesa yake anafika kwanza kwenye parsele na kuuliza majirani ni wapi mbuzi zilikufa. Nyumba anaiinua juu ya msingi wa mawe ya lava, ambayo hapa hatuyakosi. Kuta za juu anazifanya nyepesi, maana baada ya mlipuko wa Nyiragongo, Mei 2021, ardhi ilitikisika siku kadhaa na kuta za matofali zikapasuka. Nyumba za mbao, tunazozicheka kuwa za maskini, nyingi ziliyumba tu.

Aliyekwisha kuchimba garaji bado anaweza kulijaza shimo na kuacha gari uani. Kwa wengine, ofisi inayotoa ruhusa ya kujenga iulize jambo moja kabla ya kupiga muhuri: aliyechora plani hii alifika pale?