Mashairi ya Kuazima

Wako wasemao kuwa filamu ya Muhafiz, aliyoiongoza Ismail Merchant mwaka wa 1993, imekirudishia Kiurdu haki yake. Riwaya ya Anita Desai, In Custody, iliyotoka mwaka wa 1984, yahusu mashairi ya Kiurdu lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Filamu yasema Kiurdu chenyewe. Basi, wanasema, filamu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Hoja hiyo yapendeza masikioni, nayo ndiyo iliyowapoteza wengi.

Deven ni mwalimu wa Kihindi katika chuo cha mji mdogo wa India. Moyo wake uko katika Kiurdu, ila Kiurdu hakimpi mshahara. Rafiki yake mhariri amtuma akamhoji Nur, mshairi mkongwe, naye amkuta katikati ya walevi na wake wawili wagombanao. Kinasa sauti kilichopatikana kwa fedha za chuo chaharibu kazi, na madeni yote yamwangukia yeye.

Sasa Nur wa filamu hana budi kufungua kinywa. Aseme nini? Merchant alimpa mashairi ya Faiz Ahmed Faiz, na hapa ndipo penye kosa. Faiz, aliyefariki mwaka wa 1984, alikuwa mshairi wa Pakistan, ambako Kiurdu ni lugha ya taifa. Alifungwa tangu 1951 hadi 1955, akatunukiwa Tuzo ya Lenin ya Amani mwaka wa 1962, na tungo zake zikaimbwa na umati wa watu. Nur ni mtu wa upande wa pili wa mpaka uliokatwa mwaka wa 1947, ambako Kihindi kilishika ofisi na shule, na Kiurdu kikabaki vichochoroni. Msiba wake ni kukosa wasomaji. Kumvika joho la mshairi aliyepata wasomaji tele ni kumvua msiba huo. Mtazamaji akisikia beti mbili tu hana shaka kuwa mzee huyu ni bingwa. Lakini Deven wa riwaya agharimika bila kuwa na yakini hiyo, na msomaji pamoja naye.

Itajibiwa kwamba filamu ya mshairi asiye na shairi ni bubu. Ni kweli, kwani ushairi huu hughaniwa mbele ya watu, na Shashi Kapoor, kwa mwili wake mzito na sauti iliyochoka, aughani vema. Lakini je, India ilikosa watungaji? Shabana Azmi, aliyeigiza mke mdogo wa Nur, ni binti wa Kaifi Azmi, mshairi wa Kiurdu aliyebaki India, aliyezoea kutunga nyimbo za filamu, na ambaye wakati ule alikuwa hai. Filamu inayolilia washairi waliosahauliwa ilipita mlangoni pa aliye hai, ikaenda kukopa kwa marehemu wa ng'ambo ya mpaka.

Hata jina limepunguka. Maneno ya Kiingereza yana maana mbili, kutunzwa na kushikwa kizuizini. Muhafiz, neno la asili moja ya Kiarabu na hifadhi yetu, lamtaja mlinzi tu, na kifungo kimetoweka.

Na mwisho je? Filamu yamzika Nur. Jeneza lapita, Deven alifuata, na machozi yanamstahili kila mtu. Riwaya haimziki. Inapokwisha, Nur yu hai, na barua zake zimekwisha kumfikia Deven: ataka fedha za kutibiwa macho, za kwenda Maka, za kumsomesha mwanawe. Deven hana hata senti ya kulilipa deni la kinasa sauti. Jeneza hupita mara moja, watu wakarudi makwao. Mzee aliye hai huandika tena.