Injini katikati ya pikapu: Nani anapata, nani analipa?

WAPO wapenzi wa magari nchini Marekani ambao huchukua pikapu za zamani zilizoundwa kutokana na magari ya abiria, kama Chevrolet El Camino, wakang'oa injini mbele na kuifunga nyuma ya kiti cha dereva. Kazi hiyo huchukua muda mrefu na hula fedha nyingi, na mwisho wake hupatikana gari la kutazamwa.

Kwa mkulima wa Mbeya au Nakuru, huo unaweza kuonekana ni mchezo wa watu wenye fedha zisizo na kazi. Hata hivyo, ndani ya mchezo huo limo swali linalomgusa kila mwenye gari la mizigo na kila fundi anayelipwa kuligeuza: uzito ukihamishwa kutoka sehemu moja ya gari kwenda nyingine, gharama yake inaangukia wapi?

Historia ya pikapu za aina hii ilianzia shambani. Inaelezwa kwamba nchini Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mke wa mkulima aliiandikia kampuni ya Ford akiomba gari litakalowapeleka kanisani Jumapili na kubeba nguruwe hadi sokoni Jumatatu. Msanifu kijana wa Ford mjini Geelong, Lewis Bandt, alichora gari lenye sura ya gari dogo mbele na sehemu ya mizigo nyuma, na mwaka 1934 likaingia sokoni.

Marekani ilifuata baadaye. Ford ilitoa Ranchero kama modeli ya mwaka 1957, na Chevrolet ikajibu kwa El Camino ya mwaka 1959. Ranchero ilikoma mwaka 1979 na El Camino mwaka 1987. Huko Australia kwenyewe, Ford ilifunga kiwanda chake mwaka 2016 na Holden ikafuata mwaka 2017. Kwa hiyo magari haya hayatengenezwi tena huko. Yaliyobaki ni yale yanayotunzwa, kukarabatiwa au kugeuzwa.

Sababu ya kuyageuza ni kasoro waliyozaliwa nayo. Injini na giaboksi viko mbele, na nyuma kuna bodi tupu. Gari likiwa halina mzigo, matairi ya nyuma, ambayo ndiyo yanayolisukuma, hukosa uzito wa kuyakandamiza chini. Kwenye tope au barabara yenye maji huzunguka bure na mkia huteleza. Dereva yeyote aliyewahi kurudi kutoka sokoni na pikapu tupu wakati wa masika anaujua mchezo huo.

Injini ikihamia nyuma ya dereva, tatizo hilo hupungua. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Chukua mfano wa pikapu yenye uzito wa kilo 1,600, ambayo kilo 928 ziko kwenye ekseli ya mbele na kilo 672 kwenye ya nyuma. Umbali kati ya ekseli hizo ni mita 2.9. Fundi akihamisha injini na giaboksi vyenye kilo 300 kwa mita mbili kuelekea nyuma, takriban kilo 207 zitaondoka kwenye ekseli ya mbele na kwenda kwenye ya nyuma. Mbele zitabaki kilo 721, nyuma zitakuwa kilo 879.

Likiwa tupu, gari hilo sasa limetulia zaidi. Lakini ekseli, springi na matairi ya nyuma ni yale yale, na kiwango cha uzito vinachoweza kubeba hakikuongezeka. Kilo 207 za uwezo wake zimekwisha kutumika kabla mkulima hajapakia chochote. Kwa kuwa mzigo wa pikapu hukaa zaidi juu ya ekseli ya nyuma, hiyo ni sawa na kuyaacha shambani magunia mawili ya mahindi ya kilo mia kila safari.

Hasara ya pili ni nafasi. Injini kubwa ya silinda nane iliyosimama wima haiwezi kujificha chini ya sakafu. Hutokeza ndani ya bodi, na panapotakiwa kukaa mzigo hukaa chuma chenye moto.

Wamarekani wenyewe walilionyesha hilo zamani. Mwaka 1965 pikapu ya Dodge A100 iliyopewa jina la Little Red Wagon ilifungwa injini ya Hemi nyuma ya kebini kwa ajili ya mashindano ya mwendo wa kasi. Uzito ulikuwa nyuma mno kiasi kwamba gari likiondoka lilinyanyua matairi ya mbele juu na kwenda kwa matairi mawili. Likawa kivutio viwanjani na likaingiza fedha za watazamaji. Fedha za kubeba mizigo halikuingiza.

Kitaalamu kazi yenyewe si muujiza. Toronado ya kampuni ya Oldsmobile, modeli ya mwaka 1966, ilikuwa na injini ya lita saba na giaboksi vilivyounganishwa kwa mnyororo na kukaa pamoja kama kifurushi kimoja kinachosukuma matairi ya mbele. Mafundi wakaona kwamba kifurushi kama hicho kikifungwa nyuma ya dereva kinaweza kusukuma matairi ya nyuma.

Kinachokula fedha ni vile vinavyofuata. Rejeta ikibaki mbele, mabomba ya maji hurefuka na hewa ikinasa ndani injini huchemka. Tanki la mafuta huhamishwa. Nyaya za klachi na gia hupimwa upya. Breki zilizopangwa kwa gari lenye uzito mbele hazifai tena bila kurekebishwa, na ukuta wa kuzuia moto na kelele lazima ujengwe mgongoni mwa dereva.

Je, ina maana pikapu ya injini katikati haiwezi kumfaa mkulima? Jibu limekuwa mashambani Japani kwa zaidi ya miaka arobaini. Honda Acty, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1977 hadi 2021, ni pikapu ndogo ambayo injini yake iko chini ya sakafu ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kuanzia mwaka 1990 ilitumia injini ya silinda tatu yenye ujazo wa sentimita 656. Ni gari la daraja moja na Suzuki Carry, ambayo Watanzania wanaiita Kirikuu, na kwa sheria za Japani mzigo wa magari ya daraja hilo hauzidi kilo 350.

Tofauti iko kwenye nia ya aliyelichora. Wahandisi wa Honda walianza na bodi iliyo bapa, kisha wakatafuta injini ndogo itakayokaa chini yake, na ekseli ya nyuma ikapimwa tangu mwanzo kubeba injini pamoja na mzigo. Mpenzi wa El Camino anaanza na injini anayoitamani, kisha anatafuta pa kuiweka.

Somo jingine liko kwenye matengenezo. Toyota Estima iliyotoka mwaka 1990 ilikuwa na injini iliyolazwa chini ya viti vya mbele. Gari lilikaa vizuri barabarani, lakini kubadili plagi tu kulimlazimu fundi kufungua sakafu ya ndani. Kila saa ya ziada ya fundi inalipwa na mwenye gari, na gari la biashara linalolala gereji haliingizi kitu.

Suala hili lina uzito kwa Afrika Mashariki kwa sababu magari yaliyopo yanazidi kuwa mali ya kutunzwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane. Uganda ilipiga marufuku yale ya zaidi ya miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu. Ndiyo maana kufufua gari la zamani kwa injini nyingine kunaonekana ni njia nafuu.

Sasa yamekuja mageuzi ya umeme. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilijulikana kwa kuyatoa magari ya watalii kwenye dizeli na kuyaingiza kwenye umeme. Betri zina faida ambayo injini haina: zinaweza kugawanywa kwenye masanduku na kuwekwa chini, bila kula nafasi ya bodi. Lakini uzito wake haukwepeki. Kila kilo ya betri inayozidi uzito wa injini na tanki vilivyotolewa inapunguza mzigo.

Kwa mkulima au mfanyabiashara anayeshawishiwa kugeuza pikapu yake, hatua ya kwanza ni mizani. Gari lipimwe ekseli moja moja kabla na baada ya kazi, na tofauti ihesabiwe kwa magunia, kreti au madebe ya maziwa. Ya pili ni karatasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yasipofikishwa kwa mamlaka za usajili na kampuni ya bima, siku ya ajali mwenye gari anaweza kujikuta peke yake.

Tajiri anayenunua furaha hana haja ya hesabu hiyo, kwani fedha ni zake na gari halimlishi. Mwenye gari linalosomesha watoto hana nafasi hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa pikapu daftari hilo huanzia kwenye ekseli ya nyuma.